Aliyeitikia Namba Nne

Kitinda alichelewa kusema tano. Hakuchelewa sana, labda kwa muda wa kumeza mate, na katika familia nyingine hakuna ambaye angegeuka kumtazama. Lakini ndani ya gari lile namba zilikuwa na mwendo wake. Baba akainua macho kwenye kioo cha ndani. Dada akashusha simu. Mama, aliyekaa mbele, akauliza bila kugeuka ni kitu gani kimemshika ulimi mwanawe.

"Nilikuwa nasubiri amalize," Kitinda akasema.

Hakuna aliyeuliza amalize nani. Baba akawasha gari, wakaondoka pale kwenye kituo cha kutazamia bonde, wakaanza kupanda kuingia msituni.

Lazima habari ya namba ielezwe kwanza, maana bila namba haya yote yasingetokea. Baba alikuwa dereva wa basi la shule, huu mwaka wa kumi na tisa, na mtaa mzima ulimwita Dereva hata siku alizotembea kwa miguu. Katika kazi ile kosa moja tu halisameheki, nalo ni kumwacha mtoto. Kwa hiyo kila mtoto wa basi lake alikuwa na namba, na kabla gurudumu halijazunguka walizitaja kwa zamu kuanzia mbele mpaka nyuma. Mazoea hayo Dereva aliyarudisha nyumbani kama mtu anavyorudi na vumbi la kazini. Kwenye gari la familia yeye alikuwa moja, mkewe mbili, Dada tatu, Tumbili nne, Kitinda tano. Mkewe, fundi cherehani mwenye mdomo mwepesi, mwaka wa kwanza alisema mbili kwa sauti ya kubana pua, kumkejeli. Baadaye akaacha kejeli, akawa anasema mbili yake vizuri tu, na akimwona mumewe anataka kuondoka bila kuhesabu alimfinya mkono.

Tumbili alikuwa mvulana wao. Alipewa jina hilo kwa sababu hapakuwa na kitu asichokipanda: fremu ya mlango, geti la jirani, meza ya mama yake ya kukatia nguo. Meno yake mawili ya mbele yaliwahi kuvunjika kwa sababu hiyohiyo, na tangu hapo maneno yake yalitoka na upepo kidogo.

Miaka mitatu nyuma, siku ya Jumapili, walikwenda kupumzika kwenye bwawa nje ya mji. Watu walikuwa wengi, mvua ikashuka ghafla, kila mtu akakimbilia gari lake. Dereva akahesabu kama kawaida. Moja. Mbili. Tatu. Halafu ikasikika mvua juu ya bati la gari, basi. Kitu cha kwanza Dereva alichosema ni kwamba leo huyu mtoto atanikoma. Alidhani ni mchezo. Walimpata Tumbili baada ya saa mbili kupita, upande wa pili wa bwawa, mahali ambapo maji hayafiki hata kifuani mwa mtu mzima. Alikuwa na miaka kumi. Dereva alijisamehe mengi katika maisha yake, lakini neno lile hakuwahi kujisamehe.

Siku ya kwanza walipopanda tena gari wote pamoja baada ya msiba, Dereva alisema moja kabla hajafikiri. Mkewe akasema mbili. Dada akasema tatu. Kisha kikapita kimya, kila mtu akitazama magoti yake, mpaka Kitinda, wakati huo ana miaka minne, akasema tano, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa namba yake na hakuijua nyingine. Ikabaki hivyo. Mbili, tatu, kimya cha pumzi moja, tano. Mara moja tu, baada ya mwaka kupita, Dereva alithubutu kusema kwa upole kwamba labda sasa Kitinda awe nne. Mkewe alifungua mlango, akashuka na mfuko wake wa nyuzi, akatembea mpaka nyumbani, na Dereva akamfuata nyumanyuma kwa mwendo wa konokono huku taa za tahadhari zikiwaka njia nzima. Hakuligusa tena jambo hilo.

Na safari hii ilikuwa ya Tumbili. Juu ya kitanda chake ilikuwapo picha aliyoikata kwenye kalenda ya duka la vipuri: msitu wa mlimani wenye ukungu, na mbega mweusi mwenye mkia mweupe ameketi tawini kama mzee anayesubiri chai. Alikuwa akiuliza watakwenda lini, na baba yake alikuwa akijibu likizo ijayo. Alijibu hivyo likizo nne. Sasa Dada alikuwa anaondoka kwenda chuo cha uuguzi, na ndiye aliyesema mezani kwamba kabla hajaondoka angependa waende pale penye picha. Mama alikaa siku tatu hajajibu. Siku ya nne akaanza kushona majaketi ya baridi, na asubuhi ya safari akachemsha mayai matano.

Waliondoka kabla jua halijatoka, wakavuka tambarare yenye joto, mchana mchana wakaanza kupanda kona za mlima mpaka masikio yakaziba. Kwenye geti la hifadhi walipokelewa na askari wa kike, mtu wa makamo, amevaa sweta la kijani na viatu vya mpira. Aliandika kwenye daftari: watu wanne. Kisha akainama kuchungulia kiti cha nyuma, akachungulia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Dada alikuwa kulia. Kitinda alikuwa katikati, magoti pamoja. Kiti cha dirishani kushoto kilikuwa kitupu.

Akauliza mbona mtoto amebanana katikati na nafasi ipo.

"Amezoea," Mama akajibu, na jibu lake halikuacha mlango wa swali lingine.

Askari akawapa masharti. Wasitupe taka, wasilishe nyani, wasitoke kwenye njia. Na ukungu ukishuka wasiitane majina. Wakipotezana wasimame walipo, wapige makofi, washikane mikono ndipo waongee. Dereva akauliza sababu.

"Humu kuna kinachoitikia," askari akasema, kama mtu anayekuarifu kwamba daraja la mbele ni bovu.

Dada alibana kicheko kwenye kola ya jaketi. Dereva hakucheka. Alikuwa mtu wa masharti, na alimheshimu yeyote aliyeyasema bila kubembeleza. Akaahidi kwamba hawataitana majina.

Wakasimama kwenye kituo cha kutazamia bonde, wakapiga picha, wakarudi garini, wakahesabu. Hapo ndipo Kitinda alipochelewa.

Walipoanza kupanda, gari likaanza kunuka. Kwanza Dereva alidhani ni mazulia ya chini, kwa sababu madirisha yalikuwa yamefungwa na viatu vilikuwa na matope. Lakini hii haikuwa harufu ya matope mapya. Ilikuwa ya maji yaliyosimama, ya tope zito lenye majani yaliyooza ndani yake, na Mama aliijua. Aliinusa siku ile wakati anamvua mwanawe shati, na hajawahi kupita karibu na bwawa tangu hapo. Akakunja mikono kifuani, akatazama mbele. Dada naye aliona jambo lake akalinyamazia. Vioo vyote vya gari vilikuwa safi isipokuwa kile cha nyuma kushoto. Kile kilikuwa na doa la mvuke kwa ndani, likipanuka na kusinyaa, kwenye kimo cha mdomo wa mtoto.

Barabara iliishia kwenye uwanja mdogo wa changarawe. Kutoka hapo ni kwa miguu, mwendo wa saa moja kushuka mpaka kwenye maporomoko ya maji. Walishuka taratibu, Dereva mbele, Mama nyuma. Miti ilikuwa mikubwa kupita walivyofikiri, na kila gome lilikuwa limevikwa ukoga wa kijani mnene unaobonyea ukiugusa. Matone yalidondoka ingawa mvua haikuwapo. Kitinda aliona kinyonga, akaona uyoga wa rangi ya chungwa, kisha juu ya vichwa vyao matawi yakatikisika na mbega saba wakapita mmoja baada ya mwingine, mikia yao mirefu ikipepea. Wa mwisho akakaa tawini, akawatazama.

"Ndiye yule," Kitinda akanong'ona. "Wa kwenye picha ya kaka."

Dereva akageuza uso, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Mama alilia wazi, hakujificha, na Dada akamshika mkono mpaka mbega akaondoka. Kama wangerudi saa ile, ingekuwa safari nzuri ambayo watu huisimulia kwa miaka. Ahadi ilikuwa imetimizwa, kwa kuchelewa, lakini imetimizwa.

Walikula chakula kwenye mwamba karibu na maporomoko, chai ya chupa na mkate na mayai. Yai la tano Mama alilirudisha kwenye mkebe. Walipokuwa wanakusanya vyombo, ukungu ukashuka. Haukuja kidogo kidogo. Waliinua macho na miti ya ng'ambo ilikuwa haipo, wakainua tena na ile ya karibu ilikuwa imebaki vivuli. Dereva akawapanga mstari, akashika mkoba, na kabla ya kuinua mguu akataka kuhesabu. Alilikumbuka sharti la askari, tena alilikumbuka vizuri kabisa. Lakini alijiambia kwamba walichokatazwa ni majina, na namba si jina la mtu. Miaka kumi na tisa hakuwahi kuondoka mahali bila kuhesabu isipokuwa mara moja, pale mvua ilipowakimbiza kutoka ufukweni mwa bwawa na akahesabu baada ya kufika garini. Asingerudia.

"Moja," akasema.

"Mbili."

"Tatu."

"Nne."

Kisha Kitinda akasema tano, kwa wakati wake, kama mtu ambaye hajasikia lolote la ajabu.

Sauti ile ilitoka upande wa kushoto, hatua kama kumi ndani ya ukungu. Ilikuwa na ule upepo wa meno yaliyovunjika. Tena ilikuwa vilevile, ya mtoto wa miaka kumi, wakati Tumbili angekuwa na miaka kumi na mitatu sasa na sauti yake ingekuwa imeanza kukwaruza. Dada alimbana mdogo wake kwa mikono miwili. Ni Mama peke yake ambaye hakurudi nyuma.

"Hesabu tena," akasema.

"Twende, mama watoto. Twende sasa hivi."

"Hesabu tena, nakuomba."

Dereva akakataa kwa kichwa. Basi Mama akaanza mwenyewe, akachukua ile moja ya mumewe, akasema na mbili yake, akamtazama Dada kwa macho ambayo hakuna mtoto anayeweza kuyanyima kitu, na Dada akasema tatu. Nne ikaitikiwa karibu zaidi, kwa furaha, kama ilivyokuwa ikiitikiwa zamani wakielekea kwa bibi yao. Mama akacheka. Kicheko chake kilikuwa hakijasikika miaka mitatu, na Dereva, Mungu amsamehe, aliposikia kicheko kile hakuwa na nguvu ya kukizima. Mama akafungua mkebe, akalitoa yai la tano, akaliweka juu ya mwamba upande wa kushoto. Akahesabu mara ya tatu. Sasa Dereva naye alitamka moja yake, kwa mdomo mkavu, machozi yakimtiririka, kwa sababu sauti ile alikuwa akiitafuta kila asubuhi kwenye basi lenye watoto thelathini na sita.

Hapa ndipo msimulizi anapenda kusimama na kuwashika mabega, lakini hawezi. Maana tano ya mara ya pili ilikuwa hafifu. Tano ya mara ya tatu ilisikika kama imetoka nyuma ya mlango uliofungwa. Watu wale watatu, mmoja wao fundi wa kuhesabu watoto, walikuwa wamekwisha kuacha kusikiliza baada ya nne.

Mara ya nne, Mama akapiga hatua mbili kuelekea ukunguni, mikono mbele.

"Mbili," akasema.

"Tatu."

"Nne," sauti ikasema, karibu kabisa, kwenye kimo cha kiuno cha mama yake.

Kikafuata kimya.

Wote watatu walikijua kimya kile, walikuwa wakiishi nacho, ila hakikuwa mahali pake, kilikuwa kimehama kutoka baada ya tatu kikakaa baada ya nne. Dada akatazama mikono yake. Jaketi la Kitinda lilikuwamo mikononi mwake, vifungo vimefungwa mpaka shingoni, lakini ndani yake hamkuwa na mtu.

Dereva alipiga ukelele wa tano, si jina, namba tu, na kutoka kushoto ikaja tano, na kutoka kulia ikaja tano, na kutoka juu kwenye matawi wasiyoyaona ikaja tano, zote kwa sauti ya Kitinda, zote zikiwa na utii wa mtoto anayeitika baba yake, na kila alikokimbilia alikuta ukoga na matone na mizizi iliyomnasa miguu, akarudi, akakimbilia kwingine, huku Dada akipiga makofi kama walivyoagizwa, akipiga mpaka viganja vikamuwaka, na makofi hayo nayo yakaanza kurudishwa, kofi kwa kofi, kutoka pande nne, na chini ya sauti zote hizo, pale pembeni ya mwamba, kulikuwa na mtu mdogo anamenya yai, wakalisikia ganda likibanduka na kukwaruza jiwe, bila haraka yoyote, na ile harufu ya bwawa ikawa nzito mpaka ikaonjeka ulimini.

Mkono ukamshika Dereva begani. Alikuwa askari wa getini, viatu vyake vya mpira vimelowa, anahema. Alikuwa akishuka kuwatazama kwa sababu ya ukungu, na nusu ya njia akasikia namba.

Hakuwagombeza. Aliwashika mikono wote watatu kwanza, kama alivyowafundisha, ndipo akasema kwa sauti ya chini kwamba aliwakataza kuitana. Dereva akajibu kwamba hawakutaja jina hata moja. Dada ndiye aliyeeleza yaliyobaki, kwa kwikwi, kwa maneno machache: kaka yao, bwawa, namba yake ambayo hawajampa mtu.

"Mmeiacha wazi," askari akasema. "Miaka mitatu. Na mkaileta huku."

"Ni jini?" Dereva akauliza.

"Wako wanaoliita jini. Halina sauti yake wala mahali pake, linakaa penye nafasi. Likishakaa, anayefuata nyuma anasukumwa nje ya mstari." Akawatazama mmoja mmoja. "Ifungeni hiyo nafasi kabla ukungu haujapanda. Ukipanda naye, hamtamwona tena."

Dereva akauliza wafanyeje. Askari akasema namba anaigawa upya yule aliyekuwa anaishikilia. Hakumtaja, na hakukuwa na haja. Baba na binti walikuwa wamekwisha kumgeukia Mama.

Fundi cherehani yule alikuwa bado amesimama na mkono mmoja mbele, vidole vimepinda kidogo, kama aliyeshika kichwa cha mtoto. Mkono wake wa jaketi ulikuwa umelowa mpaka kwenye kiwiko. Mumewe hakumwomba. Alikumbuka safari ile ya kumfuata nyumanyuma na taa zinawaka, akajua kwamba hili halisukumwi. Alisogea tu akasimama ubavuni pake na kusema, kwa sauti iliyokatikakatika, "Moja."

Muda ukapita. Maji ya maporomoko yalisikika, na ganda lilikuwa limeacha kukwaruza.

"Mbili," Mama akasema.

"Tatu," Dada akasema.

"Nne," ikasema sauti, chini ya mkono wake.

"Hapana," Mama akasema. Alilisema taratibu, kama alivyokuwa akimwambia ashuke mezani. "Hapana, mwanangu. Nne ni mdogo wako sasa."

Ukungu haukusogea. Sauti ilipokuja tena, furaha ilikuwa imetoka ndani yake.

"Mama, mimi ni wa ngapi?"

Dereva alifunika uso. Askari aliukaza mkono wa Dada asije akaitikia. Mama alipiga magoti kwenye tope, uso wake ukawa sawa na kitu ambacho wengine hawakukiona, na yeye mwenyewe hakuwahi kusema kama alikiona.

"Wewe huhesabiwi tena," akasema. "Tunaowahesabu ni wale wa kurudi nao nyumbani. Wewe nimekulaza mwenyewe, nikakufunika. Nilikuacha macho miaka mitatu, mwanangu, nisamehe. Lala." Akavuta pumzi. Kisha akainua sauti, na sasa alikuwa anaongea na msitu mzima. "Namba nne ni Kitinda. Kitinda wangu, mama anakuhesabu. Sema namba yako."

Hapakuwa na jibu. Akasema mbili tena. Dada akasema tatu, kwa nguvu safari hii.

"Nne," kikasema kitu kidogo, cha mafua, chenye hofu.

Kitinda alikuwa hatua tatu tu kutoka kwenye mwamba, ndani ya uwazi wa mti mkubwa uliooza, amekunjamana, midomo ya buluu. Wote walikuwa wamepita pale mara kumi. Nywele zake zilikuwa zimelowa tope jeusi, tope la bwawa, na karibu na mti ule hapakuwa na bwawa wala dimbwi. Dereva alimbeba kifuani ndani ya shati lake njia nzima ya kupanda. Nyuma yao juu ya mwamba lilibaki ganda la yai limemenywa kwa mzunguko mmoja mrefu usiokatika, kama alivyokuwa akifanya mtu wanayemjua. Yai lenyewe lilikuwa zima, halijaumwa.

Getini askari alifungua daftari, akaandika: wametoka wanne. Dereva alishika mkono wa askari yule kwa mikono yote miwili. Mama alibaki nyuma kidogo. Aliuliza alichokuwa anakiuliza moyoni tangu kule chini, kama yule alikuwa mwanawe au hakuwa.

Askari alisema mwaka wake wa kwanza kazini aliitwa humo na marehemu mama yake, kila ukungu uliposhuka, akawa anafika kazini mapema ili asikose.

"Na uliachaje?"

"Sauti haikuacha. Mimi niliacha kuitikia," askari akasema. "Kama alikuwa yeye au hakuwa, dada yangu, hilo sijui mpaka leo."

Walirudi mjini siku iliyofuata. Kitinda alikaa kiti cha katikati akafunikwa blanketi, na kila waliposimama Dereva alihesabu mpaka nne, bila pengo, haraka haraka kama mtu anayevuka barabara. Homa ya mtoto iliisha baada ya siku mbili. Hakukumbuka kitu, ila kwamba kulikuwa na baridi na mtu alimwambia asogee.

Jambo moja Mama hakumwambia mtu. Asubuhi ya kwanza nyumbani alikwenda kusafisha gari, akakuta kiti cha dirishani kushoto kimelowa. Alikibonyeza, maji yakapanda katikati ya vidole, yenye harufu ile. Alikausha kwa taulo. Kesho yake kilikuwa kimelowa tena, mahali palepale, upana wa makalio ya mtoto. Akawa anakwenda kila asubuhi kabla wengine hawajaamka, taulo mkononi, na baada ya siku chache taulo akawa haendi nalo. Alikuwa anaweka kiganja tu, anasimama hapo kidogo, kisha anakwenda kuwasha cherehani. Alijua vizuri sana anachokifanya. Hakusema neno lolote kwa kile kiti, hilo alijizuia, lakini kiganja alikiweka.

Siku ya tisa kiti kilikuwa kikavu.

Alibonyeza huku, akabonyeza kule, akanusa. Kilinuka kitambaa na vumbi. Basi akaingia garini, akakaa pale dirishani ambapo hakuna mtu aliyekaa kwa miaka mitatu, akafunga mlango, akalia kilio ambacho hata siku ya mazishi hakukilia, maana siku ile bado alikuwa anakisubiri kitu.

Dereva alimkuta hivyo alipokuja kuchukua funguo za basi. Alizunguka upande wa pili, akaingia akakaa nyuma pamoja naye, na kwa kuwa hakujua neno lingine la kusema ndani ya gari, alisema lile analolijua.

"Moja."

Mkewe alijifuta uso kwa kanga.

"Mbili," akasema.

Wakaishia hapo. Watoto walikuwa wamelala ndani, na gari halikuwa linakwenda popote.